Udhaifu Wangu ni Kuchapa Kazi Mno

Hapana, msomaji, Kipanga hakuwa anaota. Mlango wa chumba cha kusubiria ulifunguka, akaangaza macho, na kwenye kiti cha pembeni, chini ya feni isiyozunguka, akamwona yule yule. Suti ile ile ya kijivu. Kipara kile kile kinachong'aa. Na kifuani kabandikwa namba, kama waombaji kazi wengine wote.

Daktari wa Ajira!

Kama hukuwa nasi tangu mwanzo, jua tu kwamba bwana huyu si daktari wa kitu chochote. Ndiye aliyekuwa akiwajaza wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika ukumbi wa chuo kila Jumamosi, akiwafundisha namna ya kuingia kwenye usaili, namna ya kuketi, namna ya kupeana mkono, na hasa namna ya kujibu. "Mimi nimekaa kwenye meza za usaili tangu ninyi mnanyonya," alikuwa akiwaambia, huku akizunguka jukwaani kama jogoo.

Hakuna aliyefikiria kumuuliza alikaa upande upi wa meza.

Na Kipanga mwenyewe? Jina hilo walimpa wenzake, kwa jinsi alivyopaa juu ya kila mtihani na kuwatazama wengine kutoka huko juu. Binti huyu aliwadharau watu wote. Aliwadharau wanafunzi wenzake kwa uvivu, wahadhiri kwa kusoma madaftari ya zamani, na zaidi ya wote mjomba wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba shahada yake itaishia kwenye mizani ya kupimia misumari. "Ukikosa kazi safari hii," mjomba alimwambia, "unavua hiyo miwani yako ya kisomi, unakuja kuniuzia dukani."

Mtu mmoja tu alisalimika na dharau ya Kipanga, naye ni Daktari wa Ajira. Majibu yake aliyakariri mbele ya kioo cha bweni mpaka mwenzake wa chumba akahama kitanda.

Sasa huyo hapo, na namba kifuani.

"Mwalimu!" Kipanga alisema. "Umekuja kututia moyo?"

Daktari akainua gazeti, akajificha nyuma yake. "Punguza sauti. Hapa siitwi mwalimu."

"Unaitwaje?"

"Namba saba."

Kipanga akakaa kiti cha jirani. "Mwalimu, hii nafasi ni moja. Tena ni ya mtu anayeanza kazi."

"Niko kwenye utafiti," Daktari alinong'ona. "Mpishi mzuri huonja chungu chake mwenyewe."

Kipanga akatupia macho viatu vyake. Vilikuwa vimepakwa rangi juu ya ufa, na soksi moja ilikuwa ya bluu, nyingine nyeusi. Utafiti gani huo wa mtu kuvaa gizani?

"Umewahi kuajiriwa wapi, mwalimu?"

"Sehemu nyingi."

"Taja moja."

Daktari akakunja gazeti, akalikunjua tena.

"Usaili wote ule," Kipanga alisema, na sauti yake ikaanza kupata makali, "na hukufaulu hata mmoja?"

"Sema taratibu, mwanangu, nakuomba. Mke wangu anajua niko safarini kikazi."

Kabla Kipanga hajacheka, mlango wa chumba cha usaili ulisukumwa, akatoka kijana mkubwa wa mwili, jasho linamtiririka, tai ya baba yake imemning'inia mpaka chini ya mkanda. Huyu ni Kasuku, mwanafunzi wa darasa moja na Kipanga, aliyepewa jina hilo kwa sababu chochote utakachomwambia, atakirudisha kama kilivyo.

"Nimeyamwaga yote!" Kasuku alisema. "Neno kwa neno! Hata pale pa kutabasamu, nimetabasamu."

"Wamesemaje?"

"Wamecheka. Kaka mmoja amecheka mpaka akafuta machozi. Nadhani wamenipenda."

"Wamekucheka, mjinga wewe. Nenda kakae kule, wasije wakadhani tumekuja pamoja."

"Sawa, dada," alisema Kasuku, akasogea bila kinyongo. Matokeo yalikuwa yanatolewa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuondoka.

Karani wa mapokezi, aliyekuwa akichonga kucha zake bila kumtazama mtu, akaita, "Namba saba!"

Daktari wa Ajira akasimama, akajipangusa mabega. Alipompita Kipanga akamwinamia sikioni. "Jibu kama nilivyowafundisha. Usiongeze, usipunguze."

Akaingia.

Kampuni hii ilikuwa ya bima. Iliwauzia watu usalama wa nyumba, magari na maisha, lakini ukuta wa chumba chake cha usaili ulikuwa wa mbao laini zilizopakwa rangi ili zifanane na zege. Kipanga akahamia kiti kilichoegemea ukuta ule. Alisikia kila kitu.

"Udhaifu wako ni upi?" iliuliza sauti nzito ya mwanamke.

Midomo ya Kipanga ikaanza kucheza yenyewe. Jibu alilijua, na kila mtu katika chumba kile alilijua: Udhaifu wangu ni kuchapa kazi mno, mpaka najisahau.

"Mama, mimi nasahau majina ya watu," Daktari alijibu kwa upole. "Kwa hiyo nikikutana na mteja, namwandika hapa kiganjani. Jioni mke wangu ananiuliza, huyu Mwanaidi ni nani?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Jamani, walau mmoja ana akili!" ilisema ile sauti nzito. "Tangu asubuhi tunaimbiwa wimbo mmoja. Huyu anachapa kazi mno, yule anachapa kazi mno! Kama vijana wote ni wachapakazi hivyo, mbona bomba la choo chetu linavuja tangu mwaka jana?"

Kipanga akahisi damu inampanda mpaka masikioni.

Kumbe! Mtu amewafundisha ukumbi mzima wimbo mmoja wa kipumbavu, ili siku ya siku asimame peke yake na sauti tofauti!

Daktari alipotoka alikuwa anajifuta midomo kama mtu aliyetoka kula. Kipanga akamfuata mpaka kwenye mtungi wa maji, akamzibia njia.

"Ulitupa majibu mabovu makusudi."

"Niliwapa mliyoyataka."

"Tulikuamini!"

"Kwani niliwalazimisha?" Upole wote ulikuwa umemtoka usoni. "Ukumbi mzima, vijana wenye akili zao timamu, hakuna hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono akasema, mwalimu, mbona hili jibu ni la kijinga? Mlikuwa mnaitikia tu. Na wewe, Kipanga, uliitikia kwa sauti kuliko wote. Kiti ni kimoja, binti. Nikukalishe wewe, mimi nikae wapi?"

Maneno yale yalimchoma Kipanga kwa sababu yalikuwa kweli, na alimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa udanganyifu wenyewe.

"Namba nane!"

Ilikuwa zamu yake.

Nyuma ya meza walikuwa watatu. Katikati aliketi mama mmoja mpana, miwani imefungwa mkufu wa dhahabu, ambaye kibao mbele yake kilisema Mwenyekiti wa Jopo. Kulia kwake, kaka wa utumishi, anapiga miayo bila kuziba mdomo. Mwisho wa meza, mbali kidogo, bwana mwenye mvi asiyesema kitu, na kibao chake kilisema Mkurugenzi.

"Tuambie kuhusu wewe," alisema mama mwenyekiti, macho yakiwa kwenye simu iliyofichwa chini ya meza.

"Mimi ni mtu ninayejituma, mwepesi wa kujifunza, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na..."

Kaka wa utumishi alikuwa anaimba naye. Midomo yake ilifuatisha kila neno, kimya kimya, macho yakicheka. Kwenye "shinikizo" akamtangulia.

Kipanga akanyamaza. Alijisikia kama mtu aliyeshushwa nguo sokoni.

"Endelea," alisema mama. "Au wimbo umekatika? Basi tupe udhaifu wako, tukuruhusu ukapumzike."

"Dharau," alisema Kipanga.

"Unasemaje?"

"Udhaifu wangu ni dharau. Nadharau watu."

Mama akaiacha simu. "Mfano?"

"Ninyi." Neno lilishatoka na hakukuwa na namna ya kulirudisha, kwa hiyo akalisukumia na mengine. "Mimi nimeamka alfajiri, nimeazima viatu, nimekuja kuomba kazi. Huyu kaka ananipigia miayo usoni. Wewe mama unasoma simu. Nimewadharau tangu nilipokaa."

Kaka wa utumishi alifumba mdomo kwa mara ya kwanza.

Kisha Mkurugenzi akacheka. Kicheko kifupi, kikavu, kama mtu anayekohoa.

"Nafasi hii ni ya dawati la madai," alisema. "Asubuhi anakuja mjane amefiwa kweli, analia. Mchana anakuja tapeli, naye analia, pengine vizuri kuliko mjane. Utawatofautishaje?"

Jibu la swali hili Daktari hakuwafundisha. Kipanga alifikiri. "Ningemwacha alie mpaka achoke. Halafu ningemuuliza vitu vidogo. Marehemu alikuwa anavaa viatu namba ngapi, alipenda kulala upande gani. Mwongo huwa amejiandaa kwa maswali makubwa. Madogo yanamkwamisha."

"Umejifunza wapi hayo?"

"Hapo nje. Leo."

Mkurugenzi akafunua kalamu yake, akaandika. Mama mwenyekiti akamtazama Kipanga kwa jicho ambalo lingeweza kugandisha maji.

"Swali la mwisho," alisema Mkurugenzi. "Huu wimbo wa kuchapa kazi mno. Mtunzi ni nani?"

Hapo Kipanga akasita. Akilini alimwona yule mtu na gazeti lake, akinong'ona kuhusu mkewe. Huruma ikamjia, ndogo, kama inzi. Akaipunga ikaondoka.

"Ni namba saba. Aliyetoka hapa sasa hivi. Yeye ndiye mwalimu wetu wote."

Miwani ikamponyoka mama mwenyekiti, ikaning'inia kwenye mkufu. "Tunapoteza muda! Huu ni umbea wa wanafunzi..."

"Mwite," alisema Mkurugenzi.

Daktari wa Ajira akaingia na tabasamu lake la jukwaani. Alipomwona Kipanga bado ameketi, tabasamu halikutikisika hata kidogo. Lazima tumpe haki yake, msomaji: kwa uongo, bwana yule alikuwa hodari.

"Unamfahamu binti huyu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Simfahamu. Sijawahi kumwona maishani mwangu."

"Yeye anasema ni mwanafunzi wako."

"Masikini," alisema Daktari, akitikisa kichwa. "Usaili huwachanganya sana hawa watoto."

Kipanga alisimama, akaenda mlangoni, akaufungua wazi, akawatazama waombaji wote waliokuwa wamepangana kwenye viti vyao kama chupa.

"Wenzangu!" alisema kwa sauti. "Udhaifu wetu ni nini?"

"Ni kuchapa kazi mno, mpaka tunajisahau!" waliitikia kwa pamoja, Kasuku akiwa mbele yao kwa sauti.

"Na nani katufundisha?"

"Daktari wa Ajira!" Kasuku alijibu kwa furaha, akisimama na kupunga mkono. "Si huyo hapo nyuma yako! Shikamoo mwalimu! Umepita?"

Hata karani wa mapokezi aliacha kucha zake.

Kipara cha Daktari kilipoteza mng'ao. Kaka wa utumishi alilaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Lakini mama mwenyekiti alikuwa amesimama, na kidole chake hakikumwelekea Daktari. Kilimwelekea Kipanga.

"Toka! Mtu anayemuumbua mkubwa wake hadharani, kesho atatuumbua sisi! Kampuni hii haihitaji nyoka!"

"Na huyu anayemkana mwanafunzi wake?" Mkurugenzi aliuliza taratibu.

"Amebabaika tu, bwana. Ni binadamu."

"Wote wawili mkasubiri nje."

Walikaa benchi moja kwenye korido, Kipanga mwisho huu, Daktari mwisho ule, katikati yao nafasi ya kutosha jeneza. Ndani sauti ya mama ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Ya Mkurugenzi haikusikika kabisa.

Kipanga alikuwa na uhakika. Alimwona bwana yule akiandika. Alishaanza kupanga namna atakavyoingia kwenye duka la mjomba, hatasalimia, atanunua msumari mmoja na kudai afungiwe vizuri.

Mlango ukafunguka. Karani akatoa kichwa.

"Aliyepata kazi ni namba sita."

Namba sita? Kipanga akageuka upande huu na ule. Namba sita ni nani?

Kasuku alikuwa ameangalia kifua chake kama mtu aliyekuta buibui.

Mkurugenzi mwenyewe akatoka. "Kijana huyu nilimuuliza asubuhi nani kamfundisha hayo majibu," alisema. "Akanitajia jina pale pale, akaniambia na ukumbi ulipo, ili kama nataka nami nikajifunze. Atafundishika. Ninyi wawili mnanitisha."

Kasuku akaangua kilio. Akamkimbilia Kipanga, akamkumbatia, jasho na tai na machozi. "Dada, hata mimi sijui imekuwaje! Ningeweza ningekugawia!" Na Kipanga, aliyekuwa hawezi hata kukaa karibu naye, alisimama ndani ya mikono ile kama nguzo ya umeme.

Alijitoa, akashuka ngazi bila kuaga. Kushindwa na mtu mwenye akili kungevumilika. Lakini Kasuku! Mtu ambaye hadi mwaka wa pili alikuwa akiandika "bima" kwa herufi mbili za "m"!

"Binti!"

Mkurugenzi alikuwa amemfuata mpaka kwenye kona ya ngazi. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akashusha sauti.

"Kazi uliyoomba hukupata. Ninayo nyingine, ambayo haijatangazwa. Humu ndani yanalipwa madai ya uongo. Nyumba ambazo hazikuungua, watu ambao hawakufa. Kuna mtu wa ndani anayeyapitisha, nami namshuku yule mama."

"Mwenyekiti?"

"Anatafuta msichana wa kumbebea mafaili na kumchemshia chai. Hatampokea mtu ninayempeleka mimi. Lakini msichana aliyemtukana, akarudi mwenyewe amenywea, huyo atampokea, kwa raha ya kumkanyaga kila siku. Rudi ukamwombe msamaha."

"Mimi? Nimpigie magoti yule?"

"Ndiyo maana uliulizwa mapema udhaifu wako," alisema Mkurugenzi, akaendelea kushuka kama mtu ambaye hakuwa amesimama na mtu.

Kipanga alibaki ameshika reli. Chini ulikuwepo mlango wa barabarani, na barabara ya kwenda kwenye misumari. Juu, yule mama na mkufu wake. Alitukana kimoyomoyo, akawatukana wote mmoja mmoja, akijumlisha na Kasuku, halafu akageuka na kupanda.

Waombaji walishatawanyika. Viti vilikuwa vitupu, feni bado imenyamaza. Alipita mpaka mwisho wa korido, kwenye mlango wenye cheo cha mama, akabisha.

"Ingia."

Aliingia macho chini, akapiga magoti kwenye zulia kabla ujasiri haujamtoroka. "Mama, naomba unisamehe. Nilipitiwa. Nimekuvunjia heshima, na sina pa kwenda. Nipe kazi yoyote, hata ya kuchemsha chai."

Kijiko kikagonga kikombe. Mtu akanywa chai, taratibu, kwa mlio.

Kipanga akainua macho. Kwenye kiti kikubwa nyuma ya meza hakuwa mama mwenyekiti. Alikuwa Daktari wa Ajira, koti amelitundika, miguu ameinyoosha, kama mtu aliye nyumbani kwao.

"Dada," Daktari alisema, akitazama juu ya kichwa cha Kipanga, "si nilikwambia atarudi?"

"Ulisema, mdogo wangu," ilijibu ile sauti nzito kutoka nyuma ya mlango.

Kipanga akageuka. Na sasa, bila miwani usoni mwa mama yule, akaona kile ambacho mtu yeyote aliyekuwa macho angekiona tangu asubuhi: paji lile lile pana, pua ile ile, kidevu kile kile. Tumbo moja!

Mama mwenyekiti akausukuma mlango ukajifunga. Akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautumbukiza kifuani mwake.

"Inuka, mwanangu, utachafua magoti," alisema kwa upole wa kutisha. "Kaa hapa utuambie. Mkurugenzi amekwambia nini pale kwenye ngazi?"